Dawa, Ubatizo na Uhuru wa Mpokeaji: Utume wa Kikristo Chini ya Mlima Kenya

Swali la kama kumtibu mgonjwa, kumfundisha mtoto kusoma na kufikisha maji kijijini ni sehemu ya Injili yenyewe, au ni njia tu ya kuwavuta watu waje kuisikiliza, limewashughulisha wanateolojia kwa muda mrefu, na ni sehemu chache za Afrika Mashariki ambako linaweza kuchunguzwa kwa karibu kama Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya. Katika eneo hilo utume, yaani kazi ya kanisa ya kupeleka imani kwa watu ambao bado hawajaipokea, ulifika pamoja na dawa, kalamu na mbegu mpya, hata Wakikuyu wenyewe hawakuona haja ya kuvitenganisha: Mkristo waliyemwona akitoka misheni walimwita muthomi, maana yake msomaji, kana kwamba kubatizwa na kujua kusoma vilikuwa tendo moja. Jina hilo ni ushahidi mzito kuliko taarifa nyingi za wamisionari, kwa sababu lilitungwa na wale waliokuwa upande wa kupokea.

Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa na padri Giuseppe Allamano mjini Torino, Italia, tarehe 29 Januari 1901, waliwatuma watu wanne wa kwanza mwaka uliofuata: mapadri Tommaso Gays na Filippo Perlo, pamoja na mabruda Celeste Lusso na Luigi Falda. Walipokelewa Tuthu, katika Murang'a ya leo, na chifu Karuri wa Gakure, na Misa ya kwanza ikaadhimishwa huko tarehe 29 Juni 1902. Wanahistoria wa kanisa hulipita haraka jambo hilo la kupokelewa, ilhali ndilo linaloweka msingi wa kila kitu kilichofuata, kwa kuwa mgeni aliyekaribishwa ana deni kwa mwenyeji wake kabla hajatoa chochote. Mwezi Machi 1904 wamisionari walikutana Murang'a kwa siku tatu kupanga namna ya kufanya kazi, wakakubaliana juu ya kutembelea vijiji, kutibu wagonjwa, kufungua shule na kuandaa makatekista, yaani wenyeji waliofunzwa kuwafundisha wenzao dini. Zahanati, basi, haikuwa nyongeza iliyobuniwa baadaye; ilikuwemo katika mpango tangu mwanzo, na ndiyo maana swali la nafasi yake haliwezi kukwepwa kwa kusema kwamba huduma za jamii ni mambo ya pembeni.

Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza huichukua huduma kuwa chambo: mgonjwa huja kwa ajili ya kidonda na huondoka na katekisimu. La pili huichukua kuwa tunda: mtu aliyeguswa na Mungu hawezi kumwona jirani akiteseka asimsaidie, na msaada huo unajitosheleza hata kama hakuna atakayebatizwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, na hasa waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1967 kuhusu maendeleo ya watu, uliosisitiza kwamba maendeleo ya kweli humhusu mtu mzima na kila mtu, ulielemea jibu la pili, na makanisa mengi ya Kiprotestanti yalifika hapo kwa njia zao. Hata hivyo majibu yote mawili yana upungufu mmoja, nao ni kwamba yanamtazama mtoaji peke yake, nia yake na usafi wa moyo wake, huku mpokeaji akibaki kimya kama kitanda cha hospitali. Msomi Mfaransa Marcel Mauss alionyesha mwaka 1925, katika insha yake maarufu kuhusu zawadi, kwamba katika jamii nyingi kupokea hufunga, na kwamba asiyeweza kurudisha alichopewa hushuka hadhi mbele ya aliyempa. Kwa hiyo kipimo kinachofaa zaidi ni kujiuliza kama mpokeaji angeweza kusema hapana na bado akapata dawa. Nia ya mtoaji, hata ikiwa njema kiasi gani, haijibu swali hilo.

Sista Irene Stefani ni mfano unaolifanya swali hilo kuwa gumu. Alizaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akafika Kenya mwaka 1915, na muda si mrefu akajikuta katika hospitali za kijeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, akiwahudumia wapagazi waliolazimishwa kubeba mizigo ya majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani. Kikosi cha wapagazi hao kiliacha jina lake katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na kiliacha pia makumi ya maelfu ya maiti, wengi wao wakiwa wameuawa na kuhara, homa na njaa, si na risasi. Katika wodi hizo Irene aliosha vidonda, alilisha walioshindwa kushika kijiko, na aliwabatiza wengi waliokuwa wakikata roho. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza kama mtu aliye karibu kufa, mbali na kwao, mikononi mwa mtu pekee anayemtendea wema, ana uhuru wowote wa kukataa maji yanayomiminwa kichwani mwake. Kujibu kwamba Irene aliamini anawaokoa ni kurudi kwenye nia ya mtoaji. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba wodi hizo hazikugawa dawa kwa kufuata ubatizo, na aliyekataa aliendelea kuoshwa na kulishwa kama mwenzake. Huko ndiko uhuru ulikobaki, ukiwa mwembamba lakini ukiwapo. Waliorudi nyumbani Nyeri hawakumkumbuka kwa idadi ya waliobatizwa. Walimwita Nyaatha, kutokana na tha, yaani huruma, na huko Gikondi, Mukurwe-ini, alikofanya kazi kuanzia mwaka 1920, watu waliokuwa hawajui kuandika walimtafuta awaandikie barua kwa jamaa waliokwenda kutafuta kazi mbali. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa alipokuwa akimuuguza mwalimu mmoja. Alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, katika ibada iliyoongozwa na Kadinali Polycarp Pengo, wakati huo askofu mkuu wa Dar es Salaam, mji uleule ambamo sista huyo aliwahi kuwaosha wapagazi.

Kipimo cha uhuru wa kukataa kilivunjwa waziwazi mwaka 1929. Kanisa la Scotland, lililokuwa na vituo Thogoto, Tumutumu karibu na Karatina na Chogoria upande wa mashariki wa mlima, pamoja na misheni nyingine za Kiprotestanti, lilidai walimu na waumini watie sahihi ahadi ya kuukataa ukeketaji wa wasichana. Waliotia sahihi waliitwa kirore, yaani alama ya kidole gumba, na waliokataa wakajiita karing'a, yaani walio halisi. Ni lazima ikubaliwe bila kuzunguka kwamba katika jambo lenyewe madaktari wa misheni walikuwa na haki: walikuwa wamewaona wanawake wakiteseka na kufa wakati wa kujifungua kwa sababu ya makovu hayo. Kosa lilikuwa katika kuifanya shule kuwa dhamana. Mzazi aliyedhani kwamba elimu ya mwanawe ilikuwa zawadi aligundua kwamba ilikuwa mkopo, na kwamba mkopeshaji amekuja kudai. Chogoria ilipoteza sehemu kubwa sana ya waumini wake. Wakikuyu hawakuikataa shule; walianzisha za kwao, chini ya Chama cha Shule Huru za Kikuyu na chama cha Karing'a, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri, kabla ya serikali ya kikoloni kuzifunga taasisi hizo wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Hapo ndipo ilipodhihirika ni nini hasa watu walikuwa wamekipokea kwa moyo, nacho kilikuwa kusoma, pamoja na Biblia ambayo sasa waliweza kuifasiri bila kibali cha mtu.

Upande wa Wakatoliki, ambao hawakulifanya suala hilo kuwa sharti la ushirika, kulikuwa na kifungo cha namna nyingine kisichozungumzwa vya kutosha. Perlo, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1909, aliijenga Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kuwa kituo chenye mashamba na karakana, akiamini kwamba misheni isiyojilisha haiwezi kudumu. Kahawa ilipandwa, na mikono iliyoivuna ilikuwa ya majirani ambao sheria na vikwazo vya walowezi viliwazuia wao wenyewe kuipanda. Wakulima wadogo wa Nyeri waliruhusiwa kwa upana katika miaka ya 1950 tu, hasa kupitia Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Misheni haikuitunga sheria hiyo. Lakini kumfundisha mtu ukulima wa zao ambalo haruhusiwi kulimiliki ni kazi ya maendeleo iliyokatwa nusu, na dhamiri ya Kikristo ingepaswa kuliona hilo mapema zaidi.

Katika Injili ya Luka, Msamaria humfunga majeruhi vidonda, humlipia nyumba ya wageni, kisha huondoka. Wahubiri hukaa sana kwenye huruma yake na hawakai kwenye kuondoka kwake, ingawa Waswahili walikwisha kuviunganisha viwili hivyo katika methali yao ya tenda wema nenda zako. Mwaka 1971 mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, aliwaambia Wakristo wa Marekani jambo hilohilo kwa lugha ya kanisa: kwamba wamisionari na fedha zao wasitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yapate kusimama, na neno jitegemea likawa wito wa kanisa lake. Wapo waliomwona hana shukrani. Ukweli ni kwamba alikuwa akiurudisha uhusiano mahali Karuri alipouanzia Tuthu, ambapo mwenyeji ndiye aliyekuwa na la kusema.

Upande wa Meru, kule Mukululu katika vilima vya Nyambene, Bruda Giuseppe Argese wa Consolata, ambaye watu walimwita Mukiri, yaani mnyamavu, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya maji yanayodondoka kutoka kwenye ukungu wa msitu na kuyashusha kwa mabomba hadi nyanda kame za chini. Kazi ilianza kwa sababu nyumba ya watoto wenye polio huko Tuuru haikuwa na maji, ikaendelea hadi mtandao ukafikia mamia ya kilomita. Maji hayo hushuka kwa mteremko, na bomba halina namna ya kuuliza kama anayekinga ndoo ni Mmethodisti, Mkatoliki, Mwislamu au mtu asiye na dini. Lakini ukungu haudondoki mahali pasipo na miti. Bruda Argese alifariki mwaka 2018, na tangu hapo kila mkulima wa Nyambene anayeuacha msitu bila kuukata anampa maji mtu wa nyanda za chini asiyemjua kwa jina.