Mtoto Asikatwe
(1 Wafalme 3:16-28)

Majirani zetu wa Makueni hawajasahau mwaka wa 2014. Gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti walizozana juu ya bajeti hadi miradi ikakwama, na tarehe 23 Septemba risasi zikalia pale Wote, watu wakaumia. Wananchi wakachoka, wakatia sahihi serikali yote ya kaunti ivunjwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka wa 2015.

Sasa tazama wale kina mama wawili mbele ya Sulemani. Upanga ulipoletwa, mama wa kweli alikubali kushindwa kesi ili mtoto aishi.

Ndugu yangu, bajeti si ya gavana wala ya MCA. Ni dawa ya dispensari, ni maji, ni basari ya mtoto wa mjane. Wakubwa wakivutana, hao ndio wanaokatwa.

Na wewe je? Mkibishana nyumbani juu ya karo, ama kwenye kamati ya kanisa juu ya sadaka, unatafuta kushinda ama mtoto aishi? Wiki hii waombee wanaopanga bajeti yetu hapa Machakos. Wakiita mkutano wa maoni, usiombe tu: nenda ukaseme. Amina.