Baba, Afande, na Deni la Siku Nne

 

Ndugu zangu katika imani, niliombwa niandike juu ya kuwatendea wema wazazi. Sikuweza kuliandika jambo hili kwa mbali. Nilimzika baba yangu likizo iliyopita, na tangu siku ile somo hili kwangu si la darasani tena.

Baba alikuwa polisi. Alivaa kaki zaidi ya miaka thelathini, akastaafu akiwa sajini. Sisi tulizaliwa kambini, ndiyo maana lugha ya nyumbani kwetu ni Kiswahili. Watoto wa askari wa Uganda mnajua kwamba lugha hii tuliisikia kwenye gwaride kabla ya kuisikia madrasa. Majirani walimwita Afande hata alipokuwa mzee wa kulima mihogo. Akitoka lindo la usiku hakuvua buti mpaka ametuamsha Alfajiri. Aligonga mlango mara tatu kwa kifundo cha kidole, kama aliyekuja kukamata mtu. Hata leo nikigongewa hivyo hosteli nashtuka.

Siku moja mtu mwenye kesi alituletea jogoo, baba akiwa hayupo. Mama alimpokea, kwani mgeni hafukuzwi. Baba aliporudi alimfunga jogoo kwenye baiskeli, akamrudisha usiku uleule. Mimi nililia kwa ajili ya mchuzi. Mwaka wa pili hapa chuoni tukasoma habari ya Ibn al-Lutbiyya, yule mkusanya zaka aliyetenga mali ya Waislamu upande mmoja na zawadi alizopewa yeye upande mwingine. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akahoji kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi zingemfuata huko. Darasa zima lilikuwa likiandika. Mimi nilikuwa namwona jogoo.

Ningependa kuishia hapo. Ndivyo tunavyofanya siku hizi: mzazi akifariki tunaweka picha yake kwenye simu, tunaandika kwamba hakuwahi kumkosea mtu, na wenzetu wanajaza amina chini yake.

Siku ya maziko baba mkubwa alisimama kabla ya swala ya jeneza akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Tangazo hili tumelizoea mpaka halitushtui, lakini lina asili nzito. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asiyeacha cha kulipia, naye hakumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitwika deni lile. Kwetu walijitokeza wawili, mwenye duka la sukari na fundi wa mabati. Tuliwalipa kabla ya Magharibi.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja na baiskeli. Alikataa kiti.

“Mimi simdai Afande pesa,” alisema. “Namdai siku nne.”

Alieleza kwamba zamani, baba akiwa kituo kimoja mbali na kwetu, alimkamata kwa wizi wa baiskeli. Alilala ndani siku nne bila kupelekwa mahakamani. Mwizi wa kweli akapatikana, na baba akamfungulia usiku, akamwambia aende nyumbani. Hakumwomba radhi, wala hakuwaambia watu wa kijiji kwamba mtu huyu hakuiba. “Kwetu mpaka leo naitwa Baiskeli,” alisema. “Wajukuu zangu wanaitwa wajukuu wa Baiskeli.”

Wenzangu wa sheria wanajua kwamba Katiba yetu ya 1995, ibara ya 23, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Baba alijua pia. Alitufundisha saa hizo kabla sijajua nguzo za swala.

Baba mkubwa alikasirika. Alisema maiti hasemwi vibaya, na tumwache mzee aende zake. Mimi nilinyamaza, na nakiri sikunyamaza kwa sababu ya elimu. Niliona haya. Ndipo Mama, kutoka ndani, akasema, “Anasema kweli. Baba yenu aliwahi kufunga safari kwenda kwake. Alifika mtoni akarudi.”

Kweli, Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatukana wafu. Lakini kurudisha haki ya mtu si tusi. Ni yeye pia, katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.) na iliyomo katika Bukhari, aliyemtaka kila aliyemdhulumu nduguye, katika heshima yake au kitu kingine, ajikomboe leo kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu, siku ambayo mema ya dhalimu huchukuliwa akapewa aliyedhulumiwa, na yakiisha hubebeshwa madhambi ya mwenzake. Angalieni, heshima imetajwa. Nasi tulikuwa tumelipa sukari na mabati tukadhani tumemaliza. Na Sura An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tusimamie uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Aya hii nilikuwa nimeihifadhi tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri kwamba neno “wazazi” lina sura ya mtu, na kofia, na namna ya kugonga mlango.

Wengi wetu kesho tutashika kalamu na funguo: hakimu, mwalimu, mhasibu, mwenye mhuri wa wilaya. Baba alikataa jogoo, na huo ni ucha Mungu. Lakini kuomba radhi kulimshinda kuliko rushwa, kwa sababu cheo humfundisha mtu kutoa amri na hakimfundishi kuinama. Tujizoeze mapema, hapahapa chuoni, kwa yule tuliyemzushia jambo kwenye kundi la simu.

Ijumaa iliyofuata tulisafiri, Mama, kaka yangu na mimi. Imamu wa msikiti wa kijiji kile alinipa nafasi baada ya swala. Nilitaja jina kamili la mzee, nikasema hakuiba baiskeli, na aliyemfunga alikuwa baba yangu, naye alijua. Sauti yangu ilikatika. Nyuma yangu mtu alikohoa, kisha msikiti ukawa kimya.

Nje nilimwomba mzee amsamehe baba. Hakujibu. Alimuuliza kaka kama tumekula, akatupeleka kwake, mkewe akatupikia muhogo na maharage. Tulipoaga alisema, “Nimesikia, mwanangu,” basi.

Tutarudi Idi, inshallah, na Mama amekwisha kuweka kando kitambaa cha kanzu yake. Nawaomba mnapomwombea baba rehema, mumwombee na mzee huyu. Jina lake siliandiki hapa, lakini kijijini kwao, kaka ananiambia kwa simu, watoto wameanza kulitumia.