Je, Mwenye Kugeuza Kisa Ni Mwongo?

Vijana wa hapa Salamabila wametuuliza swali lisilofaa kudharauliwa. Mtu akitwaa kitabu cha hadithi, akakifanya sinema, akabadili mwisho wake, je, amevunja amri ya nane? Hatuna haja ya kutafuta mfano mbali.

Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa kitabu kiitwacho The African Queen, ndilo jina la mashua moja ya mvuke. Mwaka 1951 John Huston alikifanya sinema, na picha nyingine alizipiga huku kwetu Kongo, katika mto Ruiki, upande wa Ubundu, mahali wanapopajua wasafiri wa Lualaba. Kisa ni cha vita ya 1914. Mwanamke, dada wa mmisionari Mprotestanti, na fundi wa mashua wanashuka mtoni ili waizamishe manowari ya Wadachi ziwani. Katika kitabu mashua yao yazama kwa dhoruba kabla ya kazi kwisha, na Waingereza wengine ndio wanaoipiga ile manowari. Katika sinema manowari yagonga mashua hiyo hiyo na kupasuka, na wale wawili, waliokwisha kuozwa na nahodha Mdachi walipokuwa karibu kunyongwa, waogelea salama.

Je, mwandishi ameibiwa? Hapana, haki ya kitabu iliuzwa kwa mapatano. Mtazamaji amedanganywa? Hapana tena, maana alijua kwamba anatazama hadithi. Kila Ijumaa Kuu vijana wetu wakiigiza Mateso, Pilato husema mengi yasiyomo katika Injili, wala hatumpeleki kwenye kitubio! Tena kitabu chenyewe kilikwisha kugeuza mambo. Meli kubwa ya Wadachi katika ziwa Tanganika, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wadachi wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916. Baadaye iliinuliwa, na mwaka 1927 ikaitwa Liemba.

Basi mwisho na ugeuzwe. Sisi shaka yetu iko mahali pengine.

Mwanzoni mwa kisa askari wa Kidachi wanafika kijijini na kuwachukua wenyeji wote. Baada ya hapo hakuna awaulizaye, si kitabuni, si katika sinema. Lakini vita ile ilipiganwa kwa mabega ya nani? Mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zililetwa mwaka 1915 kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume. Kutoka hapo zilikokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya mamia ya watu weusi waliokata njia na kujenga madaraja. Kisha zilishuka Lualaba hadi Kabalo, zikapanda reli hadi Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Na jeshi la Kongo lilipokwenda kuteka Tabora mwaka 1916, maelfu ya wapagazi walilibebea mizigo, na wengi hawakurudi kwao.

Mwandishi aweza kuombwa ruhusa. Mtazamaji akichukizwa aweza kutoka nje. Mpagazi aliyekufa njiani hawezi kukubali wala kukataa. Kwa hiyo twasema kwamba Huston alikosa pale pale alipokifuata kitabu kwa uaminifu. Alijiona ana uhuru wa kugeuza arusi na mlipuko, lakini watu wa kijiji aliwaacha walivyoachwa na mwandishi.

Wengine watajibu kwamba hadithi haiwezi kubeba watu wote. Ni kweli, wala hatudai wote. Mmoja angetosha, mwenye uso na jina, akiulizwa habari zake hata mara moja kabla ya mwisho.

Vijana wetu wakitaka kukifanya kisa hiki mchezo wa jukwaani, tutawaruhusu wamwache nahodha na arusi yake. Ila twawashauri waanzie Mitumba, penye kamba.