Ridhaa ya Wawili na Hati ya Ugenini

Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, kinachofanya ndoa ni ridhaa, yaani kukubaliana kwa hiari kwa mwanamume na mwanamke wasio na kizuizi, na hakuna mamlaka ya kibinadamu yawezayo kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Ikiwa ndivyo, kwa nini wageni wanaokwenda kufunga ndoa Italia hudaiwa hati iitwayo nulla osta, ambayo kwayo mamlaka ya nchi yao huthibitisha kwamba hakuna kinachoizuia ndoa hiyo?

Kabla ya mwaka 1563, wawili walioahidiana faraghani walihesabiwa kuwa wameoana kweli, ijapokuwa Kanisa lilikemea ndoa hizo za siri. Kwa hiyo mtu aliweza kumkana mke wa siri na kuoa mwingine hadharani, na aliyekanwa hakuwa na ushahidi wowote. Mwaka huo Mtaguso wa Trento uliamuru kwamba ndoa isiyofungwa mbele ya paroko, au padri aliyeruhusiwa, na mashahidi wawili au watatu ni batili. Ridhaa haikupokonywa nafasi yake, bali ilitakiwa isikiwe na wengine, sharti ambalo Waislamu wa madhehebu ya Shafi, walio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, wanalijua vyema, kwa kuwa kwao nikahi isiyo na mashahidi wawili haisihi.

Ndoa ya ugenini huirudisha hatari ileile, kwa sababu tangazo la ndoa linalobandikwa mahali ambapo hakuna amjuaye bwana harusi halimfikii mke aliyemwacha nyumbani. Thamani ya hati ile kimaadili imo hapo: humsemea asiyekuwepo.

Hata hivyo, ulinzi huo waweza kugeuka dhuluma pale kizuizi chenyewe kinapokosa haki. Mwaka 1850 Mwingereza mmoja alimwoa dada wa marehemu mkewe huko Wandsbek, iliyokuwa chini ya Denmark, ambako ndoa hiyo iliruhusiwa ingawa sheria ya Uingereza iliikataza. Mwaka 1861 Bunge la Malodi, likiwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua kwamba taratibu za kufunga ndoa hufuata sheria ya mahali inapofungwa, ilhali uwezo wa kuoana hufuata sheria ya makazi ya kudumu ya wahusika. Ndoa ikawa batili, na watoto wakahesabiwa kuwa wa nje ya ndoa. Mgawanyo huo ni wa busara, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo huufuata. Lililowadhulumu watoto wale ni katazo ambalo Uingereza yenyewe ililiondoa mwaka 1907.