Jiko Kubwa, Nyumba Ndogo

Mwaka wangu wa pili chuo kikuu uliisha kabla ya kalenda. Karo ilikwama, nami nikakwama nayo, na Julai ikanikuta Njabini, Kinangop, nikimsaidia mjomba kujenga kijumba cha mbao cha kukodisha wageni wa wikendi. Watu wa Nairobi wanapenda baridi, mradi ibaki nje ya dirisha. Kwa hivyo lazima kuwe na jiko la kuni.

"Mgeni halipii jiko dogo," mjomba alisema. "Anataka kuona moto."

Akamwambia fundi wa jua kali atuchomelee jiko kutoka kwa pipa zima la mafuta, lile la lita 200. Nyumba yenyewe ilikuwa mita 4 kwa 3, dari mita 2 na nusu. Hakuna aliyeuliza kama vitu hivyo viwili vinaoana, hata mimi. Kwani moto ukizidi si unapunguza tu?

Usiku wa kwanza nililala mle ndani kulijaribu. Nusu saa haikuisha kabla sijavua sweta, halafu shati. Nikafungua dirisha, baridi ya Aberdare ikaingia bila hodi. Nikalifunga. Nikafanya kile ambacho naamini wengi wangefanya: nikaziba kitundu cha hewa cha jiko ili moto utulie bila kuzima. Ukatulia kweli, mwekundu, mzuri wa kupigwa picha. Nikalala.

Niliamshwa na mjomba akipiga mlango kwa ngumi. Kichwa kilikuwa kinapasuka na miguu haikutaka kunibeba. Nilitapika kwenye nyasi zenye umande huku yeye akinishika bega, akirudia, "Pumua, kijana. Pumua."

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Chembe nyekundu za damu huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani na hawakuamka, na mimi nilikuwa nikizisikiliza kama habari za watu wasiojua. Lakini mimi nilijua. Nilifundishwa kwa kemia shule ya upili, na mtihani nikapita.

Siku zilizofuata nilisoma kuhusu majiko vile sikuwahi kusomea CAT yoyote. Kumbe moto wa kuni haupunguzwi kama redio. Kuni zikipata joto hutoa gesi, na gesi hizo ndizo hufanya ndimi za moto. Ukiunyima hewa, kuni zinaendelea kutoa gesi lakini haziungui zote. Zinageuka moshi, masizi, na uchafu mweusi unaonata ndani ya bomba kama lami, ambao siku moja unaweza kushika moto wenyewe. Bomba nalo likipoa, moshi unakosa nguvu ya kupanda na unarudi ndani, ulipo wewe.

Kuna hesabu ya haraka wanayotumia Uingereza: pima chumba kwa mita za ujazo, gawanya kwa 14, upate kilowati zinazohitajika. Kama nyumba inavuja upepo, gawanya kwa 10. Chetu ni mita za ujazo 30. Hata tukisema kinavuja, ni kilowati 3. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina takriban kilowati-saa 4, kwa hivyo hata ukitoa joto linalopotelea kwenye bomba, kilo moja hivi kwa saa ingetutosha. Pipa letu lilikuwa linameza gogo la kubebwa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kosa letu halikuwa la hesabu peke yake. Sisi tunaamini kwamba kuzidisha ni kujihami. Chukua kubwa, utapunguza mbele ya safari. Lakini kitu kilichozidi mahali pake lazima kinyimwe hewa ili uweze kuishi nacho, na kule kunyimwa ndiko kunakotoa sumu. Jiko dogo linalowaka kwa nguvu zake zote ni safi kuliko jiko kubwa lililokabwa koo.

Chuoni kulikuwa na somo moja la falsafa ambalo sikuwa nakosa. Tulifundishwa kwamba Aristotle, akieleza maana ya kiasi, alichukua mfano wa chakula: kama kilo nyingi zinazidi na kilo chache hazitoshi, haimaanishi mwalimu wa mieleka atampa kila mtu kiasi cha katikati. Kinachomfaa bingwa kama Milo ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi leo. Kiasi hakipatikani katikati ya rafu ya muuzaji. Kinatokana na yule atakayekula.

Au atakayelala. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Pipa lilichaguliwa kwa ajili ya jicho la mgeni anayetazama picha kwenye simu, lakini mapafu ni ya yule atakayefunga mlango usiku. Mwenye kuchagua ukubwa si mwenye kuvuta hewa. Kozi yangu pia ilichaguliwa hivyo. Alama zilitosha kozi yenye jina kubwa, kijiji kikafanya harambee, jina likatangazwa kanisani. Nilipofika nikaanza kuiziba hewa: hudhuria nusu, lala nusu, tabasamu ukienda nyumbani. Sitasema niliacha kwa hekima. Karo iliisha, basi. Lakini moshi ulikuwa umeanza kurudi ndani mapema.

Najua mtu atanijibu kwa methali: mtu hujikuna ajipatapo. Siipendi inapotoka kwa mdomo wa mwenye mkono mrefu. Maskini wa nchi hii wameambiwa waridhike na vyumba vidogo na watu wasioweza kulala humo hata usiku mmoja. Kwa hivyo sisemi udogo ni fadhila. Kupima chumba si kukubali kwamba utakufa ndani yake. Ukikipanua kesho, badilisha jiko kesho. Ila usiku wa leo utalala katika chumba kilichopo, si kile unachostahili.

Nilimwonyesha mjomba hesabu. Alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza, "Na huyo mgeni angekuwa na mtoto?" Sikumjibu. Wiki hiyo fundi alitutengenezea jiko dogo kwa kipande cha bomba nene la chuma, na tukatoboa ukutani tundu la hewa ambalo haliwezi kufungwa, maana jiko dogo nalo linahitaji kupumua.

Lile pipa halikuwa baya. Liko kwenye ukumbi wa kanisa sasa, dari juu kabisa, watu 100 chini yake, na linawaka mlango wa hewa ukiwa wazi. Jumapili moja niliketi karibu nalo. Halikuwa na moshi hata kidogo.