Zebaki, Adamu na Hatia ya Mtoto

Katika machimbo madogo ya Geita, dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mawe husagwa kwenye karasha, mchanga wake ukaoshwa, zebaki ikachanganywa humo, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha donge linalopatikana huchomwa ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke huo huvutwa na aliye karibu. Akiwa mjamzito, zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Anaweza kuzaliwa na madhara ya kazi ambayo hakuifanya. Lakini hakuna nesi atakayeandika kwenye kadi yake ya kliniki kwamba mtoto huyu amechoma zebaki.

Tofauti hiyo, kati ya kurithi madhara na kurithi hatia, ndiyo ninayoikosa katika mafundisho ya dhambi ya asili kama wengi wetu tulivyoyapokea. Augustino, askofu wa Hippo (leo Annaba, Algeria), alifundisha katika karne ya 5 kwamba wanadamu wote walikuwamo ndani ya Adamu alipokosa, kwa hiyo hata kichanga kina hatia. Alitegemea sana Warumi 5:12, na aliisoma kwa Kilatini, katika tafsiri iliyomruhusu kuelewa kwamba wote walitenda dhambi ndani ya mtu yule mmoja. Kigiriki cha Paulo, kwa usomaji wa wataalamu wengi wa leo, kinasema kifo kiliwafikia wote kwa kuwa wao wenyewe walikosa. Kanisa la Orthodoksi, lililosoma Kigiriki, husema tumerithi mauti kutoka kwa Adamu. Hatia yake ni yake. Neno dogo namna hiyo, na uzito wote ule juu ya mtoto wa siku moja!

Wapo watakaonielekeza Zaburi 51, Daudi anapolia kwamba alichukuliwa mimba katika dhambi. Ni kilio cha mtu aliyelala na mke wa Uria kisha akapanga Uria auawe. Anajisema yeye, tena kwa lugha ya kuvunjika moyo. Kuigeuza kuwa maelezo ya kila mimba ya Bukombe na Kahama ni kuidai zaidi ya ilichonacho.

Mambo haya si ya darasani tu. Shinyanga inajulikana kwa vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Na uchawi huaminiwa kuwa hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Sisemi Augustino alinoa mapanga hayo. Imani hiyo ina mizizi yake. Ila binti wa mtuhumiwa akikimbilia kanisani, akakuta maombi ya kuvunja laana za ukoo, amekimbilia hesabu ileile aliyoikimbia.

Wahubiri wa laana hizo wana andiko lao, Kutoka 20:5, la uovu wa baba kupatilizwa wana hadi kizazi cha nne. Andiko lipo, wala siwezi kulifuta. Lakini Ezekieli 18 inaipinga waziwazi methali ya zabibu chungu za baba na meno ya wana, na Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza mtoto kuuawa kwa kosa la mzazi. Mfalme Amazia aliifuata: aliwaua waliomuua baba yake, akawaacha watoto wao. Kitabu cha Wafalme hakisemi watoto hao walikuja kuwa watu gani.