Mgeni Aliyepewa Jembe Siku ya Kwanza

Tarehe 19 Agosti 1964 Uholanzi na Uturuki zilitia saini mkataba wa kuajiri wafanyakazi. Viwanda vya nguo vya Enschede na Almelo na karakana za meli za Rotterdam zilikuwa na kazi ambazo Waholanzi wenyewe hawakuzitaka tena. Vijiji vya Anatolia, huko Karaman, Kayseri, Sivas na Yozgat, vilikuwa na vijana wengi na ardhi kidogo. Vijana wakapimwa afya, wakapewa mikataba, wakasafiri. Serikali mbili, waajiri na vijana wenyewe walikuwa na imani moja tangu mwanzo, nayo ndiyo iliyokuja kuwasumbua wote hadi leo: kwamba hakuna atakayebaki.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii huchekesha, lakini ina ukarimu wake. Anayeshika jembe hahesabiwi tena mgeni. Amelima pamoja na wenyeji, basi ana haki ya kula nao, kusema barazani, hata kugombana nao. Uholanzi ilimpa Mturuki jembe siku ya kwanza, kisha ikaendelea kumwita mgeni kwa miaka mingi. Alilala kwenye mabweni yaliyojaa wanaume wenzake, akafanya kazi za usiku, na mtaani hakujulikana na mtu. Agosti 1972, katika mtaa wa Afrikaanderwijk mjini Rotterdam, wakazi waliyavamia mabweni ya Waturuki kwa siku kadhaa, wakatupa vyombo na magodoro nje. Baadaye baraza la jiji likaamua kwamba wageni wasizidi asilimia 5 katika kila mtaa. Uamuzi huo ulitenguliwa kwa kuwa haukuwa halali, lakini waliokusudiwa walikuwa wamekwisha kuusikia.

Mturuki naye hakujiona kama mtu wa kukaa. Alituma fedha nyumbani, akajenga nyumba nzuri kijijini, akaifungua wiki chache tu kila kiangazi. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na ajira mpya zikasimama, akajikuta njia panda: akiondoka hatarudi tena, akibaki atabaki peke yake. Wengi walikwenda kuwachukua wake zao na watoto. Hata hapo hawakutamka kwamba wamehamia. Ilibidi ufike mwaka 1979 ndipo baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uholanzi lilipoandika wazi kwamba watu hawa hawaondoki. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu mkataba. Shuleni, watoto wao walikuwa na vipindi vya Kituruki kwa sababu ilidhaniwa kwamba watarudi kwao na wataihitaji lugha hiyo. Kufikia mwaka 2004 serikali iliacha kuvilipia, ikisema watoto wakazane na Kiholanzi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wakizungumzia Waholanzi na Waturuki hukimbilia mila: huyu hunywa kahawa na biskuti moja, yule hujaza meza hadi mgeni ashindwe. Mila hizo zipo, na zina uzito. Lakini naamini zingepatana mapema zaidi kama kila upande haungeishi miaka yote hiyo ukisubiri mwingine aondoke.

Tuzitazame basi hizo mila. Kwa ninavyoona, Waholanzi na Waturuki hawatofautiani juu ya umuhimu wa heshima. Wanatofautiana juu ya namna ya kuionyesha. Mholanzi anamheshimu mtu kwa kutomwingilia. Hatabisha hodi bila miadi, kwa kuwa saa zako ni mali yako. Ikifika saa kumi na mbili jioni, mtoto wa jirani huambiwa aende kwao kwa kuwa nyumba inataka kula, na hakuna anayekasirika. Hukwambia usoni kwamba kazi yako ina kasoro, kwa kuwa anakuona mtu mzima unayeweza kuubeba ukweli. Mturuki anamheshimu mtu kwa kumwendea. Huja bila miadi kwa kuwa mlango wako ni mlango wa ndugu. Mgeni hamiminiwi tu chai kwenye kile kibilauri chenye kiuno chembamba, hujaziwa tena kabla hajakimaliza, na marashi ya kolonya humiminwa viganjani mwake. Mtu asiye ndugu huitwa kaka, dada, ami au khalati, kama ilivyo kwetu, na siku ya Idi vijana huubusu mkono wa mzee kisha huugusisha kwenye paji la uso. Msomaji aliyelelewa na shikamoo hahitaji kuelezwa maana yake.

Sasa waweke katika darasa moja. Mwalimu wa Kiholanzi anamkanya mtoto na kumtaka amtazame machoni, maana anayekwepa macho ana la kuficha. Mtoto wa Kituruki anainamisha kichwa, maana amefundishwa kwamba kumkodolea macho mkubwa anayekukanya ni ufidhuli. Mwalimu anaona ukaidi mahali ambapo mtoto ametoa adabu yote aliyopewa nyumbani. Hapo hakuna mwenye nia mbaya. Makosa ya namna hiyo huumiza zaidi, kwa sababu kila mmoja anaondoka akiwa na hakika kwamba amedharauliwa.

Wenzetu wengi wanaokaa Ulaya husema Waholanzi ni baridi, na Waturuki wa Uholanzi nao husema hivyo hivyo. Siafiki. Katika nyumba nyingi za Kiholanzi kuna kalenda ya siku za kuzaliwa za jamaa na marafiki, nayo hutundikwa chooni, mahali ambapo kila mtu wa nyumba ataiona kila siku. Siku ikifika, wanaopongezwa si mwenye siku peke yake. Mgeni huzunguka chumba akimpa mkono mama yake, kaka yake, jirani yake, akimpongeza kila mmoja kwa ajili ya mwenzao. Watu wanaofanya hivyo si baridi. Upendo wao wameupangia siku na saa ili usisahaulike. Vilevile si haki kumwona Mturuki kuwa mtu wa kelele na wa kujiingiza. Mtu aliyetoka kijiji ambako mavuno, harusi na msiba vilifanywa na mikono ya wote hana sababu ya kudhani kwamba jirani anapenda kuachwa peke yake.

Wanaoubeba mzigo wa tofauti hizi ni watoto, na leo ni wajukuu. Wako zaidi ya laki nne nchini Uholanzi wenye asili ya Kituruki, na wengi wao wamezaliwa hapo hapo. Lugha yetu ina methali mbili ambazo kila mmoja wao huambiwa kwa namna fulani. Ya kwanza: ukienda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Ya pili: mwacha asili ni mtumwa. Sisi tunazitumia zote mbili, lakini tuna busara ya kutomtupia mtu mmoja zote kwa siku moja. Kijana wa Deventer au Rotterdam huisikia ya kwanza mchana shuleni na kazini, ya pili jioni nyumbani.

Januari 2017 Waziri Mkuu Mark Rutte alichapisha barua magazetini, ikiwataka wasiozipenda taratibu za nchi wawe kama watu wa kawaida au waondoke. Miezi miwili baadaye, usiku wa tarehe 11 Machi, polisi wa Rotterdam walimzuia waziri wa Uturuki, Fatma Betül Sayan Kaya, asihutubie mkutano wa kampeni ya kura ya maoni ya Uturuki, wakamsindikiza hadi nje ya mpaka. Vijana waliozaliwa Rotterdam walijaa barabarani na bendera nyekundu yenye mwezi na nyota. Mchana wake televisheni zilikuwa na swali moja: hawa ni wa nani? Sidhani lilikuwa swali la haki. Mtu ambaye tangu utotoni ameambiwa kwamba si wa hapa atashika bendera ya yeyote anayemwita mwanangu. Pia sidhani Ankara ilikuwa na haki ya kuwahesabu watu hao kama askari wake wa akiba.

Jioni ya nyumbani nayo ina ukali wake. Mwaka 2021 Lale Gül, mwandishi aliyezaliwa Amsterdam katika familia ya Kituruki, alitoa kitabu kiitwacho Ik ga leven kuhusu malezi ya kubanwa na dini iliyomfunga pumzi. Alitishiwa maisha, akahama kwao. Mtu anaweza kupinga aliyoyaandika, na wapo waliohisi kwamba amewapa silaha wanaowachukia Waislamu. Lakini jamii inayodai kuheshimiwa haiwezi kumfukuza binti yake kwa kusema aliyoyaona.

Zipo saa ambazo mambo haya huonekana mepesi. Tarehe 6 Julai 2024, mjini Berlin, Uholanzi iliifunga Uturuki 2–1 katika robo fainali ya Kombe la Ulaya. Upande wa Uturuki alikuwapo Ferdi Kadıoğlu, aliyezaliwa Arnhem na kuzichezea timu za vijana za Uholanzi kabla ya kuchagua nchi ya baba yake. Zote mbili ni zake, lakini siku ile aliichezea moja tu. Mpira humlazimisha mtu achague kwa kuwa ana jezi moja tu. Maisha ya kawaida hayana sharti hilo.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo halina budi kuchaguliwa, na kwangu ndilo linalopima ukweli wa maneno yote kuhusu kuwa wa mahali fulani. Mtu atazikwa wapi?

Wazee wengi wa kizazi cha kwanza walijiunga na mfuko wa mazishi. Walilipa ada kila mwaka, na walipokufa mfuko ukawaosha, ukawasafirisha kwa ndege, ukawafikisha kijijini. Mtu alifanya kazi Enschede miaka thelathini, akalea watoto pale, akazeeka pale, kisha akalazwa mahali ambapo watoto wake wanapafikia wakati wa likizo tu. Ni rahisi kusema hakuupenda mji uliomlisha. Lakini tazama sheria za Uholanzi. Maiti haizikwi kabla ya saa 36 kupita, isipokuwa kwa ruhusa maalumu ya meya, ilhali Muislamu hufundishwa kuharakisha mazishi. Kaburi hukodishwa kwa miaka, mara nyingi 10 au 20. Kodi ikiisha bila kulipwa upya, kaburi huweza kuondolewa ili eneo litumike tena. Uholanzi ni nchi ndogo, na sehemu yake imenyang'anywa bahari, na Mholanzi mwenyewe hulazwa kwa utaratibu huo huo bila kinyongo. Kwa Muislamu anayeamini kwamba aliyezikwa haguswi hadi siku ya kiyama, mkataba wa miaka ishirini ni kama kuambiwa kwamba hata akiwa maiti anahesabiwa mpangaji.

Nasema hivi bila kuilaumu sheria peke yake, kwa kuwa imejongea. Tangu miaka ya 1990 kuzika kwa sanda bila jeneza kumeruhusiwa. Manispaa nyingi zina sehemu za Waislamu, nyingine zikiwa na makaburi ya kudumu kwa anayemudu gharama yake. Na watu nao wamejongea. Janga la Korona lilipovuruga safari mwaka 2020, familia zilizokuwa na hakika ya kijiji zililazimika kufikiria upya. Zaidi ya janga, ni wajukuu wanaobadilisha hesabu. Bibi anayejua kwamba mjukuu wake atapita kaburini kila Ijumaa, kwa baiskeli, huanza kujiuliza kijijini atatembelewa na nani. Mzee anayekubali swali hilo amekuwa Mholanzi kuliko kiapo chochote kinavyoweza kumfanya awe, na bado amebaki Mturuki kamili. Hakuna aliyemlazimisha afunge jicho lake, wala hakuiacha asili yake.

Ndiyo maana sioni faida ya kupima uraia wa moyo kwa bendera, kwa vazi au kwa lugha inayozungumzwa sebuleni. Mwaka 1985 Uholanzi ilifanya jambo jema kuliko hotuba zote zilizofuata: iliwapa wageni waliokaa nchini miaka mitano haki ya kupiga kura na kugombea katika mabaraza ya miji, bila kudai kwanza wabadili pasipoti. Mwaka uliofuata walipiga kura. Waliopewa jembe walipewa na neno barazani, na kutoka humo wamepatikana madiwani, wabunge na mawaziri wenye asili ya Kituruki.

Manispaa za Uholanzi zitenge makaburi ya kudumu ambayo hata familia isiyo na fedha itayamudu. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na miaka ya mabishano kuhusu utangamano. Misikiti ya Kituruki nayo iwaambie wazee waziwazi kwamba kuzikwa karibu na wajukuu si kuisaliti nchi. Na wewe msomaji mwenye mwanao au mjukuu aliyezaliwa ughaibuni, akija likizo usimuulize anajiona zaidi mtu wa huku au wa kule. Mwonyeshe makaburi ya wazee wake, mtembeze kwa majirani, kisha mwache arudi kwake bila deni la kujibu.